Bagamoyo kwa mguu wa mtu wa Tabora

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Bagamoyo, atakuuliza unafikia hoteli gani. Kwa wengi wetu Bagamoyo ni ufukwe, nyama choma na semina. Sisemi ni vibaya. Nami nimeshakula posho zangu huko, nikarudi sijaona zaidi ya ukumbi, kiyoyozi na chai ya saa nne. Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa ya aina nyingine kabisa, na aliyeifanya hivyo ni shangazi yangu.

Shangazi, mdogo wake baba, anaishi Tabora mjini. Alikuja Dar kutibiwa macho, na kati ya kliniki moja na nyingine akabaki anakaa sebuleni kwangu akitazama tamthilia za Kituruki ambazo kila baada ya dakika kumi anaapa kwamba hazina maana. Ni Mkatoliki wa kwelikweli, mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa kuvaa sare mpaka sokoni. Alibatizwa alipoolewa Kipalapala. Mimi ni Mwislamu kama baba. Kwetu ukoo mmoja kuwa na dini mbili si habari. Idi tunakula kwetu, Krismasi kwake, na pilau ni lilelile.

Siku moja akaniambia anataka akalione kanisa la Bagamoyo, lile lililotuletea dini. Nikamuuliza, kwani waliofika Tabora si Mapadre Weupe, na Bagamoyo si ya mapadri wa Roho Mtakatifu?

Akanitazama juu ya miwani. "Na hao Mapadre Weupe walishukia wapi, mwanangu? Uwanja wa ndege?"

Ana haki. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulifunga safari Bagamoyo mwaka 1878, ukapanda bara kwa miguu kuelekea kwetu. Kila kilichotufikia Tabora wakati ule, kuanzia msalaba na Kurani mpaka shanga na baruti, kilipitia barabara ile, na mwisho wake wa pwani ulikuwa pale. Kwa hiyo Shangazi hakuwa anakwenda kutalii. Alikuwa anakwenda kuangalia upande wa pili wa njia inayoanzia mlangoni kwake.

Magari ya Bagamoyo tuliyapatia Makumbusho. Ni lami tupu, kilomita 70 hivi, na siku ya kazi asubuhi, ukienda kinyume na wanaoingia mjini, husumbuki na foleni. Tegeta, Boko, Bunju, unavuka Mto Mpiji unaingia Mkoa wa Pwani, kisha Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Hakuna cha kusimulia njiani isipokuwa viwanja vyenye nguzo za uzio na bango la "hapauzwi".

Pale stendi bodaboda watatu wakatuzunguka. Shangazi akawashukuru wote, akauliza misheni iko upande gani, akaanza kutembea. Nikamkumbusha magoti yake.

"Babu zako walikuja hapa kwa miguu kutoka Unyanyembe," akasema. "Mimi nishindwe kutoka stendi?"

Sikufurahi, jua lilikuwa limeshapanda. Lakini nasema sasa bila kuuma maneno: ukienda Bagamoyo, tembea. Ukienda na bodaboda unaona majengo matano kwa saa moja na unarudi na picha tano. Mji huu na misheni yake viliwekwa kwa kipimo cha mtu anayetembea, na umbali kati ya kitu na kitu ni sehemu ya habari yenyewe. Misheni iko kaskazini ya mji, haipo mbali, ila imejitenga vya kutosha kukufanya ujiulize kwa nini walijitenga. Njiani tulipitwa na watoto wa shule, mwanamama na beseni la samaki kichwani, na mzee mmoja wa baiskeli aliyeshuka kabisa kumwamkia Shangazi. Hayo hayamo kwenye tiketi.

Mlango wa misheni una miembe mikubwa pande mbili za njia. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo, na ukilipa unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenye shati lililopigwa pasi na rundo la funguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Mmetokea wapi?"

"Tabora."

Uso ukabadilika. "Aaa, watani zangu! Karibuni pwani. Mizigo mmeiweka wapi?"

Shangazi hakupepesa hata jicho. "Mizigo tuliwaachia nyie Wazaramo mtuuzie. Hela hamjatuletea mpaka leo."

Kuanzia hapo hatukuwa wageni tena. Kwa asiyejua, utani wa Wanyamwezi na Wazaramo haukutoka hewani. Ulikolezwa na biashara ya misafara. Mpagazi aliyefika Mrima, yaani pwani, baada ya miezi ya kutembea hakuwa na ndugu. Alihitaji mtu wa kumpokea, wa kumkopesha unga, na akifa, wa kumzika. Mtani ndiye aliyefanya kazi hiyo, na malipo yake yakawa haki ya kukutukana mbele za watu bila wewe kukasirika. Nimeshatembea na waongozaji wengi, na naona hili linafanya kazi popote: sema ulikotoka kabla hajaanza. Mwongozaji ana maelezo ya watalii aliyoyakariri, na ana mengine ya watu wake. Yale ya pili hayatoki mpaka ajue anaongea na nani.

Tulianzia makumbusho, na nashauri kila mtu aanzie humo, maana mnara bila makumbusho ni mawe tu. Ni jengo la 1876 lililokuwa nyumba ya masista. Humo utakuta minyororo, picha za zamani, vyombo vya ibada, na maelezo ya jinsi mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na padri Antoine Horner, walivyovuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kuanzisha misheni yao ya kwanza bara. Kazi yao kubwa mwanzoni ilikuwa kukomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua. Soko la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Watoto wale waliletwa hapa, wakasomeshwa, wakafundishwa ufundi na kilimo, wakikua wanaozeshwa na kupewa nyumba katika kijiji cha misheni. Aprili 1872 kimbunga kilichopiga Unguja kikafika na huku, kikabomoa sehemu kubwa ya walichokuwa wamejenga. Wakaanza upya.

Shangazi alisimama muda mrefu mbele ya minyororo. Hakusema kitu cha kunukuu. Aliuliza tu kama ni vya kweli au vimetengenezwa kwa maonyesho, akaambiwa ni vya kweli, akavishika kwa macho tu kwa sababu imeandikwa usiguse.

Hapo nina neno langu. Watu wengi wanatoka Bagamoyo na picha moja kichwani: msafara mrefu, kila mtu ana mnyororo shingoni na pembe ya ndovu begani. Watumwa walikuwepo, na mateso yao hayapunguziki kwa hili nitakalosema. Lakini sehemu kubwa ya waliobeba mizigo kutoka kwetu, hasa Wanyamwezi, walikuwa wapagazi wa ujira. Walikuja kiangazi, walipatana bei, waligoma na kutua mizigo chini pale mwenye msafara alipowadhulumu, na walitaka kuwahi kurudi kulima mvua zikianza. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kufika pwani kulikuwa ni kukua. Asiyeiona bahari alichelewa kuhesabiwa mwanaume. Mtumwa na mpagazi walipita njia moja, pengine siku moja, na mtu wa leo anawachanganya. Mtani wetu alinisikiliza, akasema, "Hiyo nyie ndio wa kuisema, mimi nikisema wataniambia nawatetea Waarabu."

Na hata kwa waliokombolewa, uhuru wenyewe ulikuwa na ratiba. Kuamka kengele, kusali kengele, shambani kengele. Mwongozaji alilisema hilo bila kulificha wala kulipaka. Utumwa kisheria haukufutwa Tanganyika mpaka 1922, wakati wa Waingereza. Yaani kutoka mapadri kutia nanga mpaka sheria kufuta ni miaka 54. Mtu alizaliwa, akakua, akazeeka ndani ya muda huo.

Kisha mnara. Ndio uliobaki wa kanisa la kwanza, la 1872, na ndio unaopigwa picha kuliko kitu kingine chochote pale. Unaitwa Mnara wa Livingstone kwa sababu humo ndimo mwili wa David Livingstone ulipolazwa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mgeni wa kawaida husimama hapo dakika mbili. Sisi tulikaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu Shangazi aliuliza:

"Na waliombeba, ni akina nani?"

Mtani akaweka funguo chini, akakaa. Akasema hilo swali haulizwi sana. Kisha akasimulia vizuri kuliko vitabu nilivyosoma.

Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake wangeweza kumzika na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake, Abdullah Susi na James Chuma wakawaongoza wenzao kuamua kwamba mwili utarudishwa kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyepasua. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani wiki mbili, ukafungwa kwa kaliko, gome la mti na turubai, ukapakwa lami. Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma shule ya misheni huko Nasik, India, akasoma sala na kuchonga jina mtini. Kulikuwa na Halima pia, mpishi. Wakaanza kutembea, miezi tisa.

Oktoba wakafika Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu. Hapo Shangazi akainua kichwa. Kwihara iko nje kidogo ya Tabora mjini. Tembe alilokaa Livingstone limejengwa upya na lina makumbusho, watoto wa shule wa kwetu wote wamepelekwa pale. Wabebaji walimkuta huko Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone akiwa hai. Cameron akawashauri wamzike hapohapo, yaishe. Wakakataa.

"Kumbe alipita kwetu mara mbili," Shangazi akasema. "Mzima, na maiti."

Mbele ya safari kijiji kimoja kikakataa katakata maiti kupitishwa. Basi wakajifanya wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, wakatuma watu na furushi la uongo, huku mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na bunda la kitambaa, mzigo wa biashara kama mingine, wakapita nao mbele ya wenyeji. Shangazi alicheka mpaka akatoa leso. "Akili ya Kinyamwezi hiyo!"

"Mama, msijichukulie kila kitu," Mtani akamkata. "Chuma Myao, Susi mtu wa Shupanga huko Msumbiji. Nyie mlikuwa mnabeba tu."

Walipofika hapa, mwili ukachukuliwa na meli ya Waingereza, wao wakalipwa ujira wao na kuachwa. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao mpaka Uingereza. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifikishwa London baadaye, watu wameshazika. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya huko ikatengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya wabebaji, lakini zilipotoka wengi walikuwa wameshatawanyika, kila mtu na njia yake. Chuma alikufa 1882, Susi 1891.

Nilipotoka nje niliangalia tena jina la ule mnara. Sina ugomvi nalo. Ila mtu akiniuliza leo ni mnara wa nani, nitaanza na majina ya Susi na Chuma, na Livingstone atafuata, kwa mpangilio uleule waliokuwa nao njiani: wabebaji mbele, mzigo juu yao.

Kanisa jipya, wanaloliita jipya, lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Ni kubwa na tulivu, kuta za mawe ya matumbawe. Mahali plasta ilipobanduka, sogea uangalie jiwe lenyewe: utaona vitundu vidogo vilivyopangana kwa mistari, alama za viumbe wa baharini waliolijenga jiwe kabla ya mjenzi kulikata. Kidole changu kilitoka na vumbi jeupe la chokaa. Shangazi alipiga magoti sehemu ya mbele. Nilikaa benchi la nyuma nikamngoja, na hakuna aliyenitazama vibaya wala kuniuliza nasali wapi.

Inafaa kujua kwamba kanisa hili lilikuwa linakamilika wakati mji wenyewe unakufa. Wajerumani walihamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912. Baada ya hapo nani atembee miezi miwili kubeba kitu ambacho gari moshi linakibeba kwa siku chache? Bagamoyo ikabaki na majengo ya mji mkubwa na kazi za mji mdogo.

Mbuyu kila mtu anausimulia, nami nitausimulia kwa kifupi. Inasemekana mwaka 1895 Mfaransa mmoja, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa misheni, alifunga punda wake kwa mnyororo kwenye mti ule, mnyororo ukasahaulika. Mbuyu ukanenepa ukaufunika. Kinachoonekana leo ni kipande kifupi cha chuma chenye kutu kikichungulia kwenye gome, na gome limekikunjia midomo pande zote. Baada ya minyororo ya makumbusho mtu unategemea hadithi nzito. Kumbe ni punda. Shangazi akauliza punda aliishia wapi, na Mtani, mwenye majibu yote, akakosa hilo.

Pango la Bikira Maria, mfano wa lile la Lourdes, lilijengwa 1876 na hao hao waliokombolewa. Shangazi aliwasha mshumaa, tukapita.

Makaburi ndiyo yaliyonichukua mimi. Yapo mistari kwa mistari, misalaba midogo, ya mapadri, mabruda na masista. Mtu wa Tabora ana tabia ya kusoma makaburi. Shangazi alisoma majina yale ya Kifaransa kwa lafudhi ya Kinyamwezi, kisha akaanza kutoa: mwaka wa kufa toa mwaka wa kuzaliwa. Wengi hawakufika arobaini, na wapo ambao hata thelathini hawakuifikia. Malaria, homa, kuhara. Walitoka Ulaya wakijua wenzao waliotangulia wamelala hapa, na wakaja. Una haki ya kuwa na maswali yako kuhusu wamisionari, nami ninayo, lakini maswali hayo yaulize ukiwa umesimama pale unatoa hesabu.

Wengine hawakuandikiwa chochote, yaani watoto waliofika wamechoka na njia na majahazi, wakafa kabla ya kujifunza hata wimbo mmoja. Shangazi alisali rozari ya hao, yote, makumi matano, akiwa amesimama juani. Mtani akavua kofia akasubiri. Ni Mwislamu kama mimi; nilijua alipotazama saa ya adhuhuri.

Kwaheri yao ilikuwa ya matusi ya kiutani tena, siyarudii.

Tukateremka mjini kwa miguu, kwa hatua za magoti ya Shangazi. Njiani nikamsimulia habari za Bushiri, kwa kuwa yeye hufikiri vita vyote vilipiganwa bara na Mtemi Isike wa Unyanyembe peke yake. Bushiri bin Salim aliwasha moto pwani nzima mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na Bagamoyo ikapigwa na pande zote mbili. Maelfu ya watu wakakimbilia misheni, na Bushiri hakuigusa. Januari 1889 watu wake walipoivamia misheni ya Wajerumani ya Pugu na kuteka wamisionari, mapadri Wafaransa wa Bagamoyo ndio waliosimama katikati mpaka mateka wakakombolewa. Mwezi Desemba mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga Pangani. Shangazi akasema, "Basi alikuwa anajua nani ni nani." Sina la kuongeza hapo.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo hauna fujo za Unguja, na hiyo ni sifa yake. Mtaa wa India una nyumba za mawe zenye vibaraza na milango ya nakshi, na kati ya nyumba iliyokarabatiwa na nyingine kuna ambayo mpapai umeota sebuleni. Boma la Wajerumani la 1897 liliporomoka upande mmoja mvua za El Niño zilipopiga. Ngome Kongwe ya 1860 imeshapita mikono ya kila mtawala. Waliowahi kulaza mgonjwa Muhimbili wanalijua jengo la Sewa Haji. Basi Sewa Haji mwenyewe, mfanyabiashara mwenye asili ya India, alitajirikia hapa kwa kutayarisha misafara: wapagazi, vitambaa, vyakula. Hospitali ile ilitokana na pesa zake, na pesa zake zilitokana na migongo yetu. Shangazi aliposikia hivyo akasema kumbe hata ile mara aliyolazwa Muhimbili hakuwa amelala bure.

Kwenye uwanja wa misafara, ambapo mizigo ilifunguliwa na kupimwa, tulikaa kivulini. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kilo 30 na kitu, mbali na mkeka wake, sufuria na posho ya njiani. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Katika ukoo wetu inasimuliwa kwamba babu yake Shangazi alikuja huku kijana, akarudi na mafundo ya merikani, kitambaa cha pamba, ambayo yalitolewa mahari. Nilikuwa nikiisikia tangu utotoni kama hadithi ya kulalia. Shangazi aliupima uwanja kwa macho kutoka ukuta mpaka ukuta, akauliza maji yao waliyatoa wapi, choo kilikuwa wapi, na nani aliwapikia. Hakuna bango lililojibu hayo. Nilijikuta naona aibu kwamba katika safari zangu zote za makumbusho sijawahi kuuliza choo kilikuwa wapi, na ndilo swali la kwanza ambalo mtu aliyetembea siku 60 angeuliza.

Kaole hatukwenda. Ni kilomita 5 kusini, magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na nilitaka sana. Lakini Kaole inataka siku yake, na ukiichomeka jioni mwisho wa siku hii utaiona kwa haraka ya mtu anayewahi gari.

Tulikula sokoni ufukweni, changu wa kukaanga kwenye karai, chumvi na ndimu, na muhogo. Mwuzaji alitutajia bei ya wageni. Shangazi akamuuliza kabila. Mkwere. "Basi na wewe mtani wangu," akasema, jambo ambalo sina hakika kama liko kwenye orodha yoyote, lakini bei ilishuka.

Garini kurudi alishapanga yote. Anataka kuwaleta akina mama wa kigango chake, basi mpaka Dodoma, treni ya SGR mpaka Dar, na Bagamoyo siku mbili ili Kaole isikose. Nilimuuliza akina mama hao wana umri gani, na kutoka stendi mpaka misheni je. Akasema watatembea. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu isiyo na muziki wa usiku, na namba ya Mtani ninayo, tumeshaanza kubishana kuhusu idadi ya vichwa.